Meya Ngiri na Wasindikizaji Wake

Paukwa!

"Pakawa!"

Mbona mnaitika kama mmepewa uji baridi? Paukwa!

"Pakawa!"

Naam, sasa mmeamka. Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa na serikali yao na mihuri yao, palikuwa na mji ukiitwa Matopeni. Meya wake alikuwa Ngiri. Ngiri huyu alikuwa na meno marefu ya kuchimbia, tumbo la kukalia vikao, na mkia uliosimama wima kila alipoitwa Mheshimiwa.

Mjini humo kulikuwa na mtaro mmoja ulioziba. Mmoja tu! Mvua ikinyesha, maji yanaingia nyumbani kwa Bi Kanga na mayai yake yanaelea. Mwaka wa kwanza yakaharibika. Mwaka wa pili yakaharibika. Mwaka wa tatu Bi Kanga akayatia kapuni, akajitwika, akaenda kwa Meya.

"Baba Meya, mtaro wangu! Mwaka huu nataka watoto."

"Mama, hilo ni jambo zito, linataka mkono kutoka juu. Nichagueni niingie Baraza Kuu la nchi. Nikifika, nikasema neno moja tu, mtaro unazibuka."

Basi wakamchagua. Mnacheka nini? Ninyi hamjawahi?

Sasa, watu wa Matopeni walikuwa na desturi yao. Mtu akisafiri, anasindikizwa mpaka maneno yaishe. Maneno hayajaisha, harudi mtu. Siku ya safari mji mzima ukatoka na Ngiri, Bi Kanga mbele na kapu lake kichwani, Kobe nyuma kabisa.

Wakafika kwenye kichuguu. Ngiri akageuka. "Asanteni, rudini sasa."

"Na mtaro, Baba Meya?"

"Nikifika!"

"Ah, kumbe maneno hayajaisha!" Wakaimba:

*Twende naye, twende naye,*
*maneno hayajaisha!*

Wakafika mtoni. "Asanteni, rudini sasa."

"Na mtaro, Baba Meya?"

"Nimesema nikifika!"

*Twende naye, twende naye,*
*maneno hayajaisha!*

Kobe akatokea akihema. "Jamani, mmefikia wapi?"

"Kwenye mtaro."

"Alhamdulillahi, sijapitwa na kitu."

Siku ya tatu wakafika kwenye lango la Baraza Kuu. Ngiri akageuka, jasho linamtoka. "Asanteni, rudini sasa! Nimefika!"

"Na mtaro, Baba Meya?"

Ngiri akapenya langoni. Wakaingia naye ndani, wote, wanaimba. Spika wa Baraza alikuwa Tembo. Akauliza, "Ngiri, kiti ni kimoja. Hawa wote ni wa nini?"

"Wananisindikiza, Mheshimiwa Spika."

"Mpaka lini?"

Bi Kanga akajibu, "Mpaka mtaro wangu uzibuke, baba."

"Una urefu gani?"

"Hatua kumi na mbili."

"Hatua za tembo?"

"Za kanga."

Lo! Tembo alicheka mpaka vumbi likadondoka darini. "Ngiri, umetembea siku tatu kukimbia kazi ya asubuhi moja? Na meno hayo?"

"Nilikuwa nangoja mkono kutoka juu, Mheshimiwa."

"Basi upokee." Tembo akainua mkonga akamchapa matakoni, pwaa! "Kachimbe kwanza. Kiti kitakungoja."

Wakarudi. Ngiri akachimba, matope yakaruka, na kabla ugali haujaiva mtaro ukawa wazi. Jioni mvua ikashuka, maji yakapita zake. Bi Kanga akakaa juu ya mayai yake makavu, akalia kwa furaha. Miaka mitatu, jamani!

Asubuhi Ngiri akavaa koti, akasimama njiani. Akatazama nyuma: hakuna mtu. Akakohoa mara ya kwanza. Akakohoa mara ya pili. Akakohoa mara ya tatu.

"Jamani, naondoka!"

"Safari njema, Baba Meya!" wakajibu kutoka ndani, kila mtu na chai yake.

"Hamnisindikizi?"

Bi Kanga akachungulia dirishani. "Hapana, baba. Maneno yameisha."

Masikini Ngiri akaenda peke yake. Hakuna wimbo, hakuna vumbi, hakuna wa kumwita Mheshimiwa, na mkia umelala. Alipofika kwenye kichuguu akaketi akaona uchungu wa kweli. Angeingiaje Barazani peke yake? Nani angejua kwamba ni mkubwa? Akaruka, akarudi mbio, akagonga kwa Bi Kanga.

"Mama, hakuna mtaro mwingine ulioziba? Hata mdogo?"

"Upo wa Kobe. Matope uliyorusha jana yameuziba."

Ngiri akaenda kwa Kobe, akachimba, akachimba, akachimba. Zilipobaki hatua mbili akatoa ulimi nje, akatazama kulia, akatazama kushoto, akajifuta matope.

"Hizi mbili," akasema kwa sauti, "nikifika."

Kesho yake mji mzima ukatoka naye, mkia wake juu, Kobe safari hii yuko mbele:

*Twende naye, twende naye,*
*maneno hayajaisha!*

Nanyi mkimwona mheshimiwa ana umati nyuma yake, msiniulize anapendwa kiasi gani. Mkawaulize wale wa nyuma wamebakiwa na hatua ngapi.

Hadithi yangu nimeitua hapo. Mwenye mikono mirefu aichukue aende nayo kwake.