Barua ya Radhi ya Atuganile

"Kitabu cha kabatini, msomaji wake mende." Bibi Sekela, aliyetunza maktaba ya mjini mpaka akastaafu, aliitoa methali hiyo alipowaona vijana wakipanga vitabu vipya nyuma ya kioo na kuvifungia kwa ufunguo. Wakacheka, kisha wakamwuliza imetoka wapi. Bibi akavuta kiti. Chanzo chake, akasema, ni hiki.

Palikuwa na mwandishi wa vitabu vya watoto, Atuganile Mwasumbi, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kuvuka kuta mbili za darasa. Alizunguka mashuleni na maktabani, huku bondeni kwenye mpunga na kakao, akiwasimulia watoto hadithi na kuwaachia vitabu. Kuingia shuleni kulihitaji kibali cha ofisi ya elimu, naye chake alikihifadhi ndani ya Biblia pamoja na cheti cha ndoa. Bila kibali hakuna watoto, na bila watoto, alikuwa akisema mwenyewe, yeye ni mwanamke anayeongea peke yake tu.

Mwaka mmoja alirudi katika shule aliyokuwa ameiachia vitabu sitini mwaka uliotangulia. Watoto wakamwimbia, wakakaa. Akawauliza, kwa kuwachokoza tu, kwa nini kobe wa kwenye kitabu alikataa kuhama kisimani. Akauliza tena. Msichana wa darasa la nne, Tusekile, akanyoosha mkono na kueleza kwa adabu kwamba kile ni kitabu cha mkaguzi. Mkaguzi akija, vitabu huwekwa mezani, wanafunzi hukaa mikono nyuma wasije wakavichafua. Akiondoka, hurudishwa kabatini.

Kitabu kile Atuganile alikiandika kwa miaka miwili, na hakikuwa cha mkaguzi.

Mwalimu mkuu, Kasyupa, hakuwa mtu mbaya, tusimsingizie. Zamani aliwahi kupewa barua ya onyo kwa sababu ya vitabu vilivyochanika, nayo ikasomwa mbele ya walimu wakuu wenzake. Akaapa kwamba kitabu cha shule yake hakitapata tena hata doa. Vile sitini alivifunika kwa magazeti kimoja kimoja, kwa mikono yake, akabandika kwa gundi ya unga wa muhogo, kisha akavitia kufuli.

Atuganile akamwambia kwamba hasimulii neno mpaka kabati lifunguliwe. Mwalimu akacheka akidhani ni utani. Alipoona mgeni amekaa sakafuni mbele ya kabati, watoto wamejipanga nyuma yake, na kengele ya makande ya mchana imelia bila mtu kuinuka, akatoa ufunguo. Alitaka mgeni aone vitabu vilivyotunzwa, aone haya.

Mlango ulipofunguka, mende wakamwagika. Gundi ile ya unga ilikuwa karamu yao mwaka mzima. Walianza na magazeti, wakaingia kwenye migongo ya vitabu, wakamalizia kurasa. Vilivyobaki vizima havikufika thelathini. Mwalimu Kasyupa alisimama na ufunguo mkononi, na kwa kweli alitia huruma.

Atuganile siku hiyo hakuwa na huruma ya kugawa. Alivikung'uta vitabu, akaanza kuwapa watoto, akiwaambia waende navyo nyumbani.

"Vitachafuka, mama," mwalimu akasema.

"Vichafuke."

"Vitachanika."

"Vichanike mikononi mwa mtoto. Hawa mende umewalisha mwaka mzima, Mwalimu, na hakuna hata mmoja anayejua kusoma."

"Hiyo ni mali ya shule. Nitaandika barua ofisini, na kibali chako unajua kinatoka wapi."

"Andika. Jina langu usilikosee."

Barua ikaandikwa, kibali kikafutwa. Ofisi ikampa njia ya kutokea: aandike barua ya kuomba radhi, akiri kwamba alivuruga utaratibu, naye angerudishiwa kibali siku hiyohiyo. Ndugu zake wakamsihi. Mumewe akamkumbusha kwamba mwenye nguvu mpishe. Hata Bibi Sekela mwenyewe, aliyempa chumba cha maktaba kila Jumamosi, alimshauri aandike yaishe.

Ilimwuma. Kusimama mbele ya darasa alikupenda kuliko chakula. Siku tatu akakaa na karatasi tupu. Ya nne akaandika, akatia sahihi, akaipeleka mwenyewe.

Karani aliifungua akitegemea kurasa mbili za unyenyekevu. Palikuwa na tarehe, salamu na mstari mmoja. Akausoma kwa sauti kabla hajafikiri, na walimu waliokuja kufuatilia uhamisho, kutoka kila kata, wakaangua kicheko. Ofisa akatoka chumbani mwake kuuliza kuna nini. Akasomewa. Yeye hakucheka.

Kibali hakikurudi. Atuganile hakuingia tena darasa lolote la wilaya ile. Aliwasimulia watoto wa Jumamosi pale maktabani mpaka uzee ukamkalisha. Lakini wale walimu walirudi makwao na mstari wake mdomoni, na kabla mwaka haujaisha ulikuwa umeingia kila shule aliyokatazwa kuingia yeye: Kitabu cha kabatini, msomaji wake mende.