Somo la Kuomba Nyongeza

Ting! Simu ya ofisi ililia usiku nyumbani kwa Zamoyoni, naye akausoma ujumbe mara mbili.

Yeye ndiye aliyeandika masomo yote ambayo Bwana Kalumuna, mshauri wa ajira, aliyatoa ukumbini kama yake. Kila alipomwomba amtaje ili naye apate kazi ya maana, Kalumuna alimjibu, "Subiri ukomae, binti."

Asubuhi Zamoyoni aliingia ofisini akihema. "Bosi, Mama Shuma wa kiwanda cha sabuni yuko njiani! Anamtaka aliyeandika somo la kuomba nyongeza ya mshahara. Wafanyakazi wake wote wameomba!"

Kalumuna akaanza kutoka jasho. Mara mlango ukafunguliwa.

"Nani aliandika somo lile?" Mama Shuma aliuliza.

"Si mimi, mama! Haki ya Mungu, mimi msomaji tu!"

"Vizuri. Wameomba kwa hoja safi mpaka nikakosa la kusema. Si nilieleza kwenye ujumbe? Namtaka mwandishi awe mkuu wangu wa mafunzo."

Kalumuna akamgeukia Zamoyoni. "Mbona hayo hukuniambia?"

"Hukuniuliza, bosi."

"Sasa huyo mtu anaitwa nani?" aliuliza Mama Shuma.

Kalumuna alimeza mate. "Zamoyoni," akasema. "Zamoyoni binti Pazi."