Kompyuta Iliyobaki Kitandani

Nyinyi mnaopenda kuamua kesi za watu, sogeeni karibu. Hii imewashinda wenyewe.

Huko Tukuyu, ambako mvua huweza kunyesha wiki nzima, waliishi ndugu watatu wa tumbo moja. Tumpe, mkubwa, alijaliwa kushona: akikutazama mara moja tu, gauni linakukaa. Anyimike, wa kati, alijaliwa hesabu. Alipokuwa dereva wa lori, alijumlisha namba za magari aliyopishana nayo ili asisinzie. Lusajo, wa mwisho, alikuwa fundi wa kompyuta mjini Mbeya, na hakuna mashine iliyomficha ugonjwa wake.

Siku moja lori la Anyimike lilipinduka mlimani. Alipona, ila kuanzia kiunoni kwenda chini hakusikia tena kitu. Mkewe alivumilia mwaka mmoja, akarudi kwao. Tumpe akamchukua mdogo wake akaishi kwake, akawa anamgeuza kitandani asubuhi na jioni.

Pale kitandani, kwenye simu, Anyimike akajifunza biashara ya dau za mpira. Hakuwa mtu wa kujaza mkeka, orodha ya mechi za kubashiri, na kumwachia Mungu. Alinunua dau bei ikiwa nzuri, akaliuza bei ilipobadilika, kabla mpira haujaisha, akabaki na faida ndogo. Lakini simu ilikuwa nzito, ilichelewa kufungua kila kitu. Programu ya kazi ile ilitaka kompyuta.

"Nikiipata, dada, nitakula jasho langu," alisema.

Kesho yake Tumpe aliuza cherehani aliyoshonea miaka kumi na tisa, akampa Lusajo laki tano na nusu. Kisha akaenda kuomba kazi ya kutia vifungo kwa mwanamke ambaye zamani yeye ndiye aliyemfundisha kushika sindano.

Lusajo alizunguka madukani siku tatu. Muuzaji mmoja alimtolea kompyuta nyembamba ya rangi ya fedha.

"Hii ndiyo wanayoitaka vijana."

"Memori gigabaiti ngapi?"

"Nne. Sinema zote inacheza."

"Sitafuti sinema. Bei za mechi kumi zitakuwa zinabadilika kwa pamoja. Ikiganda sekunde tano, mtu ameliwa fedha zake."

Alichagua nyeusi, nene, iliyowahi kutumika ofisini, yenye prosesa ya nguvu na diski ya kasi. Betri ilikuwa imechoka, akaibadilisha ili umeme ukikatika kazi isisimame. Memori ilikuwa gigabaiti nane. Akaongeza nane nyingine kutoka kibandani kwake, na hakudai kitu.

Anyimike naye alifanya yake. Kwa miezi saba aliamka kabla ya dada yake, akaandika bei kwenye daftari, akajua ni saa ngapi zinapanda na kwa nini. Alilipa kodi ya nyumba. Alinunua kiti cha magurudumu. Fedha ya cherehani mpya aliiacha humo humo kwenye akaunti ya dau, ikawa inakaribia kutimia. Tumpe akaanza kumsikia akipiga mluzi.

Jumapili moja alasiri, bao la dakika za mwisho likamlia faida ya wiki nzima. Akataka kuirudisha. Akaongeza dau, likaliwa, akaongeza tena. Kompyuta haikuganda hata mara moja. Kila alipobonyeza, ilitii. Tumpe aliporudi kutoka ibada ya jioni, akaunti ilikuwa tupu, na fedha ya cherehani imekwenda nayo.

"Ingekuwa nzito," Anyimike alimwambia Lusajo, "ningepata muda wa kufikiri."

Lusajo alitoka nje, akasimama mvuani muda mrefu.

Tangu hapo Anyimike akawa analala akitazama ukuta. Baada ya wiki mbili akaja mwalimu wa sekondari aliyesikia kwamba kuna kompyuta nzuri inalala bila kazi, mkononi ana laki nne. Ndugu wale watatu wakakutana kitandani kwa Anyimike, kompyuta katikati yao.

"Iuzwe," alisema Tumpe. "Nipate cherehani, hata kuukuu. Anayelisha nyumba hii ni mimi."

"Nipeni niende nayo kibandani," alisema Lusajo. "Nitaitafutia kazi nyingine. Mimi ndiye niliyeileta. Ikibaki hapa itammaliza kaka."

Anyimike aligeuza uso kutoka ukutani. "Miezi saba nilikuwa mwanamume. Mkiichukua, nitabaki mtu wa kugeuzwa tu."

Hakuna aliyeishika. Mwalimu alikuwa bado mlangoni, mwavuli wake ukichuruzika, akiuliza kwa upole kama arudi siku nyingine.

Bila Tumpe isingenunuliwa. Bila Lusajo ingenunuliwa ile ya rangi ya fedha. Bila Anyimike isingeleta hata senti.

Je, wewe ungemkabidhi nani? Na wale wawili utakaowanyima, ungewatazama usoni ukawaambia nini?