Lukuledi Ilipowaka

"Mzigo hukawia, kutu haikawii." Mmeisikia kwa kocha wenu, mkadhani ni maneno ya mpira. Methali hii ilianza hivi, wajukuu zangu, bandarini Mtwara, nami nilikuwepo, mpishi wa meli iitwayo Lukuledi. Hata leo nikiisimulia moyo unanidunda.

Mwaka ule mabenki ya ng'ambo yaliyumba, wanunuzi wakatoweka, na meli mbili za shirika letu zikafungwa gatini bila shehena. Mabaharia wengi walirudishwa makwao. Tuliobaki tuliambiwa waziwazi kwamba tukiukosa mzigo wa kwanza utakaotokea, meli zitauzwa chuma chakavu na kila mtu ashike njia yake.

Wenzetu wa meli ya pili, Mnazi, walipaka rangi upande unaotazama mji, na wapita njia wakawasifu. Sisi fundi mkuu wetu, Mzee Chilumba, alitushusha chini kila Ijumaa tuizungushe injini kwa mikono, vyuma visigande. Hata mimi sikuachwa jikoni.

"Mnasonga ugali wa nani huko chini?" wale wa Mnazi walitucheka.

"Wa kwetu sote," Chilumba akawajibu. "Mzigo hukawia, kutu haikawii."

Asubuhi moja malori ya korosho yakajaa bandarini. Meneja wa shirika akaja gatini anahema.

"Mnunuzi amepatikana," alisema. "Lakini meli ya kigeni iko njiani. Yetu isipoondoka leo, mzigo ni wao, na sisi ndiyo kwisha."

Mafuta yakaletwa. Mnazi ikajaribiwa kwanza, maana ndiyo iliyopendeza. Injini haikugeuka hata kidogo. Kapteni wake, Nambunga, akavua kofia.

"Haya, twende," Chilumba akatuambia.

Akawasha. Ikakohoa, ikanyamaza. Nilisahau hata kupumua. Akawasha tena, na sakafu ikaanza kutetemeka chini ya miguu yetu. Moshi ukapanda, watu gatini wakapiga vigelegele, nami nikacheza na mwiko mkononi mpaka kanga ikataka kuniponyoka. Furaha ile sijaipata tena.

Korosho zikapakiwa siku hiyohiyo. Kamba zetu zilipofunguliwa, nilimwona Kapteni Nambunga amesimama mbele ya watu wake, anakunja mikono ya shati.

"Tunaanza leo," aliwaambia. "Shukeni chini. Mzigo hukawia, kutu haikawii."