Wajina wa Mkamburi

Kitu kitamu hakikimbiliwi. Anayekikimbilia huungua ulimi, na siku sahani yenyewe inapoandaliwa hana tena ulimi wa kuionjea. Kama huamini, sikiliza yaliyompata Thadeus wa Sagalla, naye alikuwa mtu msomi, si mjinga hata kidogo.

Mwaka wa 1974 Thadeus alikuwa akifanya kazi katika kituo kidogo cha utafiti wa wadudu karibu na Voi. Kazi yake ilikuwa kuvunja vichuguu na kutafuta mbawakawa wadogo wanaoishi humo na mchwa, wakilishwa na mchwa wenyewe mdomo kwa mdomo kama wageni waheshimiwa. Kazi hiyo ina desturi moja nzuri: anayetangulia kuchapisha maelezo ya mdudu asiyejulikana ndiye anayempa jina.

Huko Sagalla, mama yake, Mkamburi, alikuwa na donda rohoni. Wajukuu wake wote walikuwa wavulana. "Wenzangu wote wana wajina, wajukuu wa kike wanaoitwa kama wao," alilalamika kila Krismasi. "Mimi nitazikwa na jina langu." Thadeus, kitinda mimba wake, aliinama tu akanywa chai.

Basi siku moja, huko Marungu, alivunja kichuguu akakuta mbawakawa weusi, wembamba, wepesi wa miguu. Moyo ulimruka. Mbawakawa wa vichuguuni waliojulikana tangu zamani walikuwa wanene, matumbo yamefura hata kukimbia hawawezi. Hawa je? Wapya kabisa! Na jina alikuwa nalo tayari.

"Ngoja kwanza," alisema Mbithe, mwenzake wa kazi. "Tuwafuge chunguni pamoja na mchwa wao. Huenda ni walewale, ila hawajalishwa wakashiba. Mvua zikiisha tutajua."

"Mvua zikiisha? Mama yangu ni mzee, Mbithe. Au unanionea kijicho?"

Neno hilo lilimchoma Mbithe. Alichukua chungu, akatia udongo wa kichuguu kile, mchwa na mbawakawa waliobaki, akakifunika. Thadeus naye aliandika maelezo yake mbiombio, akayatuma, yakachapishwa. Mbawakawa yule mwembamba akaitwa kwa jina la Mkamburi.

Haya, furaha ya bibi yule nani angeizuia? Alipiga vigelegele mpaka majirani wakadhani kuna posa. "Nimepata wajina!" aliwaambia. "Ana miguu sita, lakini ni wangu!" Jumapili moja baada ya ibada aliwaalika akina mama wa kanisa na wafanyakazi wa kituo, akachinja mbuzi, akasonga kimanga cha mihogo na maharagwe. Wakesho, kiongozi wa akina mama, alitunga hata wimbo.

Mbithe alifika na uso wa matanga. Akamvuta Thadeus nyuma ya jiko.

"Nilitaka kukuambia kesho kazini," alisema, "lakini siwezi kula mbuzi huyu nikinyamaza. Wale wa chunguni wamenenepa. Ni walewale wa zamani, Thadeus. Jina ulilotoa halitasimama."

Thadeus alihisi uso ukimwaka moto. "Una hakika?"

"Ninayo. Na si hilo tu. Katika udongo ule kulikuwa na mwingine, mdogo mno, mwekundu. Nimemlinganisha na wote waliohifadhiwa, wetu na wa Nairobi. Huyo hajulikani na mtu. Kichuguu ulikivunja wewe, kwa hiyo ni wako."

"Basi huyo ndiye atakayekuwa Mkamburi!"

"Hawezi. Ni wa jamii ileile, na sheria unaijua. Jina likishatolewa katika jamii moja, hata kwa makosa, halitolewi tena."

Thadeus aliijua sana, yeye mwenyewe aliwahi kuwafundisha wengine. Alitamani ardhi ipasuke immeze. Mara mama yake akatokea na bakuli mkononi, kanga mpya kichwani.

"Mbona mmejificha? Watu wanataka habari za wajina wangu."

Thadeus alimweleza yote, macho chini. Mkamburi alisikiliza hadi mwisho.

"Kwa hiyo huyo mpya wa kweli yupo?"

"Yupo, Mama."

"Na angeweza kuitwa jina langu?"

"Angeweza. Kama ningengoja."

"Ulikuwa ukishindana na kifo changu, mwanangu? Mbona bado nipo?" Machozi yalimlenga. "Nenda ukawaambie. Mimi nimeshawaambia vya kutosha."

Thadeus alipotokea uani, akina mama walikuwa wameshaanza wimbo wa Wakesho, wakiimba jina la Mkamburi na kupiga makofi. Thadeus aliinua mkono. Alisema yote, hata neno la kijicho alilomrushia Mbithe. Wimbo ulikufa. Watu walikula kimya kimya wakaondoka mapema, na yeye aibu ilimzuia hata kuwasindikiza.

Mbawakawa mwekundu Thadeus alimwachia Mbithe, naye akamweleza na kumpa jina la Marungu. Mkamburi aliziona mvua zile zikiisha, akaona na nyingine nyingi, akaishi miaka na miaka. Kila alipoulizwa habari za wajina wake alijibu kwamba hana, na Thadeus, kama alikuwa karibu, aliondoka akaenda kusimama nje. Ama kweli, mwenye pupa hadiriki kula tamu.