Sultani Aliyekula Vitumbua vya Bi Somoe

Palikuwa na Sultani mmoja, tajiri wa kutisha, aliyekuwa akikopesha miji midogo kama wengine wanavyotega panya kwa dagaa wa kukaanga. Mji wa Kitongani ulikopa kwake ukajenga daraja. Daraja zuri, jamani, hata mbuzi walilivuka kwa maringo! Halafu amri ikaja: fungeni lango la kaskazini, msiwe na neno tena na majirani zenu wa Segani, maana wamekataa kuniinamia.

Wazee wa Kitongani wakachangishana, wakauza hata vidani vya wake zao, wakampelekea deni lake lote. Akalirudisha. Kisha akaja mwenyewe na maseremala kulipigilia lango misumari.

Sasa, huko Segani ndiko alikoolewa binti wa Bi Somoe, muuza vitumbua, na binti huyo alikuwa amejifungua juzi tu. Bi Somoe alikuwa hajamtia mjukuu wake machoni. Moyo ulimuuma sana, lakini mdomo wake haukuzoea kulia, ulizoea kusema. Akajitwisha sinia lake mpaka langoni.

Maseremala walikwishapanda ngazi, na watu wa mji walijaa wakitazama. Sultani, kwa kuwasimamia, alikuwa ameshikwa na njaa. Akachukua kitumbua kimoja, akachukua cha pili, akamaliza sinia zima.

"Bwana wangu," akasema Bi Somoe, "hivi fedha zetu zilikuwa na kutu?"

Sultani akacheka, huku akijilamba vidole. "Mimi sikukopesha ili nilipwe, bibi. Nilikopesha ili nisikilizwe."

"Kumbe! Anayedaiwa humsikiliza anayemdai?"

"Ndiyo sheria yangu."

"Hata akiwa mkubwa?"

"Deni halijui mkubwa wala mdogo!"

"Mmesikia, jamani?"

"Tumesikia!" umati ukaitikia.

"Basi, Bwana wangu, bei ya vitumbua vyangu."

Sultani akapapasa joho lake, huku na huku. Masultani hawatembei na fedha; watalipia nini na kila kitu ni chao? Akaona watu wanaanza kuziba midomo kwa viganja. 

"Waziri! Mlipe mwanamke huyu! Mlipe mara kumi!"

Waziri akaja mbio na konzi ya dhahabu. Bi Somoe akaficha mikono mgongoni.

"La, Bwana wangu. Hata mimi sikukukopesha ili nilipwe. Waambie maseremala washuke."