Mtoto Aliyelilia Nje

Wapendwa, kabla sijafunga Biblia hii, nitegeeni masikio kidogo.

Alikuwepo mama mmoja mkaanga maandazi, amepanga chumba kimoja katika nyumba ya wapangaji wengi, mlango wake ukitazama barabara kuu. Alikuwa na mtoto wa miaka mitatu, Tumsifu. Mtoto huyo alizaliwa njiti, mdogo kiasi kwamba mawifi walikuja kumtazama wakaondoka bila kuuliza jina lake. Mnaelewa maana yake? Hawakutaka kumzoea. Mama akapiga goti akasema, Bwana, ukiniachia huyu, hatajua njaa. Mtoto akapona, na mama akaishika ahadi yake.

Ninyi mliokaa nyumba za kupanga mnajua, ukuta wa kule hausitiri kilio. Mtoto akilia, jirani wa chumba cha pili anaguna, wa chumba cha tatu anasema huyo hajala. Kwa hiyo kila Tumsifu alipofungua kinywa kulia, mama alikijaza. Andazi lililovunjika, chai ya sukari, juisi ya pakiti. Maandazi yaliyokosa wateja ndiyo yaliyokuwa chakula cha jioni, maana maskini hatupi chakula. Mtoto akanenepa, mashavu yakajaa. Majirani wakamwita Bonge, wakawa wanamfinya mashavu na kumwambia mama hongera, unajua kulea. Nani kati yetu hajawahi kusema hivyo? Na mama wa watu, ambaye hakuwa na kabati wala kochi la kujivunia, akajivunia mashavu ya mwanawe.

Lakini Tumsifu akawa anatembea kidogo tu, anahema. Akilala anakoroma kama mtu mzima. Mama akaingiwa na hofu, akambeba mpaka kliniki. Nesi akampima, akampima tena, kisha akasema kwa sauti ya chini, wengine wasisikie.

“Mama Tumsifu, uzito huu umezidi. Moyo wake na magoti yake vinabeba mzigo usio wa umri wake.”

Mama alitamani ardhi ipasuke. “Dada, mimi nikikosa wateja siku moja, hatuoni mboga. Unene ni wa watoto wa wenye magari. Wangu ameupata wapi?”

Nesi hakumcheka. Akamweleza taratibu kwamba unga mweupe, mafuta na sukari ndivyo vinavyoshibisha kwa bei ndogo, na ndivyo hivyo hivyo vinavyonenepesha. Ampunguzie, ampe maharage na mchicha, kisha amwache akimbie. Mama akaitikia yote. Akimbie wapi, hakuuliza, na nesi hakusema.

Kesho yake Tumsifu akalia. Mkono wa mama ukaenda wenyewe kwenye sinia la maandazi, ukasita. Kwa mara ya kwanza akamuuliza, “Baba, unataka nini?”

Mtoto akaonyesha mlango. “Nje.”

Mama akakaa kitandani, akalia yeye. Siku zote zile alidhani ni njaa.

Akafunika sinia, akamshika mkono, wakavuka barabara kutafuta mahali pa kukimbia. Kiwanja cha zamani kilishakuwa maegesho ya malori. Mbele kidogo wakaona ua mkubwa wenye majani mazuri, hakuna mtu ndani, geti limefungwa. Mlinzi akasogea.

“Mama, siku za kazi hapafunguliwi,” akasema, huku akiona aibu. “Wakubwa wamesema watoto wanaharibu majani.”

Tumsifu akashika vyuma vya geti, akaangua kilio. Mlinzi naye ni mzazi, roho ikamuuma. Akatia mkono mfukoni, akatoa biskuti, akampenyezea kati ya vyuma. Mtoto akanyamaza.

Sasa niambieni, nani alikosa hapo? Mama? Alikuwa akimlipa Mungu deni la shukrani kwa kitu pekee alichokuwa nacho. Mlinzi? Alitoa biskuti yake mwenyewe. Nasikia mnaguna huko nyuma, mnasema waliofunga ua ule hawana utu. Haya. Mama huyo nimemtunga, na mtoto nimemtunga. Geti sikulitunga. Mmelipita asubuhi hii mkiingia hapa, na wengine mmesifia majani.

Hata mimi nimelipita mara nyingi.

Sisi ndio tunaomwambia mama maskini, mwanao mnene mno, hujui kulisha. Kisha sikukuu ikifika, tunambebea nini? Sukari na mafuta ya kupikia, tunapiga na picha. Huruma tunayo, wapendwa, sisemi hatuna. Ila tunaipenyeza kati ya vyuma, ufunguo ukiwa mfukoni mwetu. Watoto wa mtaa huu wanalilia nje, sisi tunawapa cha kutafuna wanyamaze, halafu tunarudi nyumbani tukiamini tumewapenda.

Mzee wetu wa majengo, nakuona umekaa hapo mbele umeinamisha kichwa. Inua, baba, uamuzi ule wa kufunga ua ulikuwa wetu sote. Lakini leo wakati wa sadaka, kabla ya mtu yeyote kuleta noti yake, nenda kalitoe lile kufuli la geti, ulilete hapa madhabahuni. Majani yakiisha, tutapanda mengine.